Kigodoro cha Buffalo

Kilikuwa na joto. Hapo ndipo Spés alipopaswa kushtuka, na hakushtuka. Boksi lilikuwa limetoka mji wa Buffalo, Marekani, kwa posta, siku tatu barabarani, Februari ya 2015, theluji hadi magotini. Gauni lililokuwamo lilikuwa baridi kama samaki wa friji, lakini kigodoro chake kilikuwa na joto la kitu ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi.

"Patricia, umekiweka kwenye hita?"

"Mimi? Si weye ndiye umefungua boksi?"

Spés alimtupia jicho la pembeni. Patricia, Mkongo wa Bukavu mwenye duka la ushonaji alikofanya kazi Spés, huko South End, Louisville, alipenda mizaha. Safari hii walikuwa wamepata kazi kwenye jumba moja la kale: kuwashonea wasichana wanaotembeza wageni magauni ya mabibi wa Kizungu wa zamani, kwa kufuata mfano huu wa Buffalo. Kigodoro chenyewe kilikuwa vyuma vyembamba vilivyopindwa na kufunikwa kitambaa, kinafungwa kiunoni ili gauni litune nyuma. Ukikaa vinajikunja, ukisimama vinafunguka. Wenye jumba waliuliza jambo moja tu: je, msichana ataweza kukaa nacho kutwa, apande ngazi, aketi, asilalamike?

Patricia alikijaribu kwanza. "Bon, mimi hapana! Inanifinya, na kuikala siwezi. Donc hawa wamama walikuwa wanateseka hivi? Jaribu weye, Mama Kwizera."

Spés akakivaa, na jamani, kilimkaa! Alipanda ngazi, akaketi kwenye cherehani, akainama, akainuka, na mgongo uliokuwa ukimsumbua tangu ajifungue ukapoa. Kilikaa pale pale anapokaa mtoto wa kubebwa. Alikulia kambini Kasulu akibeba wadogo zake mmoja baada ya mwingine, na uzito wa mahali hapo ulikuwa haumchoshi. Alishona nacho mchana kutwa. Saa tisa kikacheza mgongoni, kama mtoto anayeamka, na Spés, macho yakiwa kwenye pindo, akapeleka mkono nyuma akakipigapiga.

"Tulia. Mama yupo."

Kikatulia.

"Unasemesha nani?" Patricia aliuliza.

"Simsemeshi mtu." Akanusa. Maziwa yaliyochacha.

Jioni ile Kwizera, mwanawe wa miezi kumi, alikataa mgongo. Alikakamaa, akalia huku akitazama nyuma ya bega la mama yake kama aliyekuta mtu kwenye kiti chake. Kesho yake akakataa kunyonya. Spés akaanza kumchunguza Patricia kimyakimya: nani anakigusa nikitoka? Mbona jana nilikitundika kimeangalia ukuta, leo kimeangalia mlango? Wiki ya pili nguo zilimpwaya mtoto, daktari anapima na kusema haoni kitu, na kadiri Kwizera alivyokuwa mwepesi ndivyo mgongo wa Spés ulivyozidi kuwa mzito, hata kigodoro kikiwa kimebaki dukani, hata akiwa jikoni kwake peke yake anakoroga uji, anavisikia vile vyuma, krii, vikijikunja polepole kama kuna anayejiweka sawa, wala hakuthubutu kugeuka kwa sababu alijua, Mungu wangu, kwamba akigeuka nacho kitageuka naye. Shaka zote juu ya Patricia zikamtoka, ikabaki hofu moja. Mwanangu anakufa.

Patricia huyohuyo ndiye aliyewaendesha hadi mji wa Columbus, mtaa wa Linden, kwa Mama Nyirabeza, mama wa maombi ambaye Spés alimjua tangu kambini. Kigodoro kilikuwa kwenye buti la gari.

"Kilipocheza ulifanya nini?" Nyirabeza aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikibembeleza. Nikakiambia mama yupo."

"Ala! Jini la kitoto lisilo na mtu, nawe unaliambia mama yupo? Sasa litaenda wapi?"

"Lakini mama," Patricia alinong'ona, "hii kitu ni ya Buffalo. Itasikia Kiswahili?"

"Mbona 'mama' ilisikia?" Nyirabeza akamjibu, akaanza.

Kigodoro kikiwa kimeletwa mbele yao, aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kirundi, mchana kweupe. "Shuka! Huyu si mama yako, shuka!" Spés naye akapaza sauti, shuka, shuka, jasho linamtiririka, mpaka vyuma vikalia krii mara moja na harufu ya maziwa ikakatika. Wakavikata vipande kwa koleo. Kwizera akatambaa hadi kwa mama yake akicheka, akanyonya kwa pupa, na Spés akalia kwa furaha bila kuona haya.

Patricia akamchukua mtoto kwenda kumfunga kwenye kiti chake cha gari. Spés alibaki mlangoni akiaga, ahsante mama, Mungu akubariki mama, mpaka akagundua kuwa Nyirabeza hamtazami usoni. Alikuwa akiutazama mkono wake.

"Binti yangu," alinong'ona, "unambembeleza nani?"

Mkono ulikuwa nyuma, unapigapiga. Kule garini, nyuma ya kioo cha dirisha, Kwizera aliacha kucheka.

Spés alijaribu kuurudisha mkono, haukurudi. Shuka lilikuwa neno la kwao tu. Mama ni la kila mtu. Pumzi ya joto ikampata shingoni, na sauti ya mtoto aliyeamka salama ikamwita kwa lugha ya Buffalo:

"Mami?"