Rangi Isiyokauka

Rangi yoyote hukauka. Iwe ya tajiri, iwe chokaa ya maskini iliyokorogwa na chumvi, ipe usiku mmoja na dirisha wazi, itakauka. Lakini asubuhi ile Nasipwondi alipoweka kiganja ukutani kujaribu, kiganja kilitoka cheupe. Tena ukuta ulikuwa na joto, kama shavu la mtu mwenye homa.

"Ni hii mvua," akasema peke yake, akajipangusa kwenye leso.

Hakuwa mwanamke wa kutishwa na ukuta. Alizika mume, akazika ndugu, na kule Soko la Toi alikouza mashuka ya mitumba alikuwa akimjua mwizi kwa kuangalia viatu tu. Ila siku hiyo alikuwa na haraka. Binti yake Valentine alikuwa anatoka hospitali jioni na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kitu kidogo kama kuku aliyenyonyolewa. Muuguzi alikuwa ameuliza swali moja: "Mnaishi kwa nyumba ya aina gani?" Nasipwondi akasema ukweli: chumba kimoja cha mawe Kawangware, ukuta wa nyuma umepakana na bafu ya pamoja ya wapangaji wa ploti, kuvu nyeusi imepanda hadi juu.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mama, kifua cha huyu mtoto ni karatasi. Hiyo kuvu itammaliza. Pakeni rangi, ama msimpeleke huko."

Na mtoto alishapewa jina: Walubengo, jina la baba yake Nasipwondi. Kwa Wabukusu jina la mzee aliyelala halitolewi kwa mchezo. Ukimpa mtoto, umemwomba mzee amshike mkono. Huwezi kumpa mzee mkono halafu umfukie kwa kuvu.

Basi jana yake alikuwa ameenda kwa Waithaka, muuza vifaa vya ujenzi pale steji ya 56. Waithaka akamtolea mkebe wenye picha ya mama mmoja anayechekea ukuta.

"Hii unaosha na kitambaa, mama. Kuvu haikaribii."

"Bei?"

Waithaka akaitaja.

"Nimekuuliza bei ya rangi, sio ya huyo mwanamke kwa picha."

"Basi beba chokaa."

"Chokaa napaka choo. Hii ni ya mjukuu."

"Sasa mjukuu wako anataka ya ikulu na wewe unataka kulipa ya choo," Waithaka akasema, na vijana wake wakacheka wakishika mbavu.

Alipotoka akijisemea maneno yasiyofaa kanisani, mtu alimwita kutoka kandokando ya barabara, pale mafundi wanapokaa na brashi zao wakingoja kazi. Alikuwa Khamala, fundi wa rangi, kijana wa kwao Bungoma, anayemwita mama kwa Kibukusu.

"Mayi, kuja hapa. Niko na mabaki."

Kila fundi wa rangi Nairobi ana mabaki. Akipewa ndoo za kupaka nyumba ya mtu, anazikata na maji, zinaongezeka, na kilichoongezeka kinalala kwake. Hakiiti wizi. Anakiita jasho. Watu wa Kawangware nao wakitaka ukuta mzuri hununua hilo jasho, na hakuna anayeuliza limetoka kwa nani.

Khamala alimpa mtungi wa mafuta ya kupikia, umejaa rangi nyeupe pe, nyeupe ya maziwa ya asubuhi.

"Mbona unaniuzia rahisi hivi?"

Khamala aliangalia kando. "Nataka tu itoke kwangu, mayi."

Maneno hayo Nasipwondi aliyasikia vizuri. Ila bei aliisikia vizuri zaidi.

Alipaka mwenyewe, leso kichwani, brashi ya kuazima. Kuvu ilimezwa kwa mkono mmoja tu, bila kurudia. Rangi ilikuwa na harufu ya ubani, kama nyumba iliyotoka kusomewa dua. Akaona afadhali ubani kuliko bafu.

Valentine alifika jioni na Walubengo ndani ya blanketi. Ukuta ulikuwa bado maji.

"Mathe, hii itakauka kweli?"

"Itakauka. Vuta kitanda katikati, usimsogeze karibu na ukuta."

Wakavuta. Wakalala, au tuseme walilala macho, wakisikiliza mtoto akipumua. Kila pumzi ilikuja kwa kubembelezwa. Ikikawia, wote wawili waliinua kichwa.

Kesho yake mvua ilipiga mabati tangu adhuhuri. Stima ikapotea. Chumba kikawa na giza la saa tisa mchana, lile la nyumba za ploti, ambalo mtu hulizoea asilione. Wakafunga mlango kwa sababu ya baridi.

"Mathe," Valentine akasema polepole.

"Nini?"

"Nani anapaka rangi?"

Nasipwondi aliacha kukunja nepi. Chini ya kelele ya mvua kulikuwa na sauti nyingine. *Shwaa.* Ikatulia. *Shwaa.* Brashi pana, yenye rangi ya kutosha, inapanda, inapumzika, inashuka. Fundi asiye na haraka. Nayo haikuwa juu ya ukuta. Ilikuwa ndani yake, kama mtu aliyefungiwa kule anaupaka upande wake.

"Ni bafuni," Nasipwondi akasema. "Ngoja nimtoe huyo mjinga."

Bafuni hapakuwa na mtu, ni sabuni ya mtu tu na maji yaliyotuama. Aliporudi alimkuta Mbithi, jirani yake Mkamba anayeunda viti, amesimama kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe na nyundo mkononi.

"Mama Vale, mwambie huyo fundi wako apumzike. Amepaka tangu mvua ianze, hata hajanywa chai."

"Sina fundi."

Mbithi alicheka kidogo, halafu akaacha. "Sasa huyo ni nani?"

"Rudi kwa viti vyako, Mbithi."

Lakini Nasipwondi alikuwa ameshaanza kukimbia, leso imemdondoka begani, na alipousukuma mlango alimwona kwanza Valentine amesimama na kibiriti mkononi, mdomo wazi, sauti imekataa kutoka, kisha akaona kitanda, kile kitanda cha mbao walichokivuta wawili kwa shida jana, kimerudi ukutani bila kulia hata mguu mmoja, na juu yake Walubengo, mtoto asiyeweza hata kugeuza shingo, amegeuka, uso wake umeelekea ukuta, na ukuta wenyewe pale mbele ya uso wake umevimba, umetoka nje kidogo, mviringo, mweupe, laini, kama titi la mama aliyejaa, na midomo ya mtoto imeshika, inafyonza, na kila anapofyonza ile sauti inasema *shwaa*, inatulia, inasema *shwaa*.

Alimnyakua. Ukuta ulitoa mlio kama wa midomo inayoachana.

"Amekula rangi!" Sauti ya Valentine ikarudi yote mara moja. "Mathe, amekula rangi! Angalia mdomo!"

Nasipwondi alipangusa ule mdomo kwa pembe ya leso, haraka, mara mbili. "Ni maziwa yako."

"Sijamnyonyesha saa hii!"

"Nyamaza. Nimesema ni maziwa."

Akamwachia Mbithi mama na mtoto, awaweke kwake katikati ya viti visivyo na miguu, kisha akaenda 56 mvua ikimnyea. Khamala alikuwa amejikinga chini ya kibanda cha saluni. Alimwona akija, akatafuta pa kukimbilia, akakosa. Nasipwondi alimkamata ukosi.

"Hiyo rangi umeitoa wapi?"

"Mayi, niache kwanza, watu wanaangalia."

"Waangalie! Uliitoa wapi?"

"Kwa nyumba moja kubwa ng'ambo ya Ngong Road." Alishusha sauti. "Kulikuwa na mzee mgonjwa chumbani. Kila mtu aliyelala mle anaamka amekosa pumzi. Wakamleta maalim wa Kibera, Mnubi, akaisomea ndoo ya rangi. Akaniambia mimi mwenyewe: paka yote. Usitie maji. Usibakishe hata tone."

"Na wewe ukafanya nini?"

Khamala alimwangalia kama anayeshangaa swali. "Mayi, mimi ni fundi."

"Ukatia maji."

"Kidogo."

"Ukabakisha."

"Hao watu wa ile nyumba wako sawa! Walinipigia wakanishukuru, ati kumetulia." Alijifuta mvua usoni. "Ni kwangu ndio nilianza kusikia brashi. Mtungi uko chini ya kitanda, umefungwa, na nasikia brashi."

Nasipwondi hakumpiga. Alitaka, ila mkono mmoja ulikuwa umeshika leso, na pembe ile ya leso ilikuwa na joto.

Maalim Marjan alipigiwa simu, akaja asubuhi kutoka Kibera, mzee mfupi mwenye kofia safi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwangalia Khamala kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Ni wewe. Nilikupa kufuli, ukaikata katikati, nusu ukauza."

Kisha akaweka sikio ukutani, karibu tu, bila kugusa. Alisikiliza kwa muda. Aliporudi nyuma alikuwa anaongea kwa kunong'ona, na wote wakajikuta wananong'ona.

"Huyu hana kiwiliwili. Anatafuta kifua cha kukaa. Kifua kizima kinamshinda, kina mwenyewe. Anapenda cha mgonjwa, cha mzee anayeondoka, kile ambacho mwenyewe hajakishika vizuri."

"Ama cha mtoto anayekuja," Nasipwondi akasema.

Maalim alitoa kitabu chake. "Nitasoma, fundi atakwangua. Kila kipande kiingie guniani, nitaenda nacho kule kilikotoka, tumalize kazi tuliyoanza. Ila sikiliza, mama. Huyu akitoka, hutoka na alichokishika. Hawezi kuachia. Kama kuna pahali pengine rangi hii imegusa, niambie sasa, nijue nafanya nini."

Nasipwondi aliangalia nje. Kwenye baraza Valentine alikuwa amekaa kwenye kiti kipya cha Mbithi, na Walubengo amelala kifuani pake. Tangu jana hakuwa amekohoa. Mashavu yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya mtu.

"Hakuna," akasema. "Ni ukuta tu."

Maalim akasoma. Khamala akakwangua, jasho likimtoka, safari hii jasho la kweli. Mwanzo rangi ilitoka kama ngozi ya maziwa, kwa vipande virefu vilivyojikunja. Kisha ile *shwaa* ikaanza, haina utulivu tena, inakwenda na kurudi mbio kama brashi ya mtu anayesikia wenye nyumba wamefika, na ubani ukajaa hadi macho yakawasha, na Mbithi aliyekuwa mlangoni akaanza kumwita Yesu kwa Kikamba, na Maalim akapandisha sauti, na mara ukuta wote ukashusha pumzi, pumzi ndefu ya kitu kikubwa, na plasta yote, si rangi peke yake, plasta yote na saruji yake ikaachia jiwe ikaanguka chini kwa mkupuo mmoja. Hakikubaki chochote. Jiwe tupu, kavu, lenye mitaro kama mbavu.

Vumbi lilipotulia, Maalim alifunga kitabu. "Mmeona? Na alichokishika."

Nasipwondi aliziangalia zile mbavu za jiwe muda mrefu kuliko wengine.

Khamala alipiga plasta mpya bila kulipwa, na juu yake ikapakwa chokaa ya Waithaka, ile ya choo. Ilikauka siku hiyohiyo. Maalim alipeleka gunia kwenye ile nyumba ng'ambo ya Ngong Road, na kutoka huko hakukusikika tena neno baya. Valentine alirudi kucheka, na watu wa ploti, ambao hawawezi kuacha jambo, wakaanza kumwita Khamala "Usibakishe".

Walipompeleka mtoto kliniki, muuguzi yuleyule alimpima, akampima tena.

"Hiki ni kifua cha fahali! Mama, mmefanya nini?"

"Tulipaka rangi," Nasipwondi akasema.

Muuguzi aliweka chombo chake kifuani mara ya tatu, akakunja uso, akasikiliza. "Kuna kitu kama... hapana. Ni nguo inasugua."

Siku hiyo alasiri Valentine alikuwa nje anafua. Jua lilikuwa limeingia mlangoni hadi kitandani. Walubengo alipiga miayo, na Nasipwondi, aliyekuwa ameinama kumfunika, akaona ulimi. Ulikuwa mweupe pe.

Alizungusha pembe ya leso kwenye kidole, akapangusa. Weupe haukutoka. Akaangalia kidole chake. Kilikuwa kimelowa, kina joto. Akakipeleka puani, ingawa hakukuwa na haja. Ubani.

Namba ya Maalim ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mfukoni. Aliishika. Akakumbuka lile jiwe tupu lenye mbavu, akairudisha.

"Mathe!" Valentine akaita kutoka kambani. "Mtoto ako sawa?"

"Ako sawa."

"Mbona umenyamaza hivyo?"

"Nampangusa maziwa."

Akafunga ule mdomo mdogo kwa kidole, taratibu. Akaweka kiganja kifuani pa mjukuu, palepale ambapo zamani pumzi ilikuwa ya kubembelezwa. Chini ya kiganja ilikuwa inapanda, inapumzika, inashuka. *Shwaa.* Kazi safi ya fundi asiye na haraka. *Shwaa.* Na kila ilipokawia kidogo kushuka, ni Nasipwondi mwenyewe aliyeiomba, kwa kunong'ona, iendelee.