Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Mira

Hapa Kamina hakuna aliyeeleza mambo ya nywele kama Béthanie. Wengine wanakukalisha, wanakuvuta, unatoka na kichwa cha mtu mwingine. Béthanie kwanza alizipima nywele zako kwa vidole, akakuuliza unalala vipi, unabeba mizigo kichwani au la, unakwenda harusini au kazini, ndipo akakuonyesha picha za ukutani. Ukimletea kwenye simu dada fulani wa Kinshasa mwenye nywele za kufika kiunoni, na zako hata kichanuo hakizishiki, alikuambia wazi: kwako ni kunyoa fupi, au kufunga na uzi mweusi mpaka ziote, au meshi nyepesi, zile nywele za kuongezea, maana nzito zitazing'oa zako. Kisha alikuambia patauma wapi. Watu walimpenda kwa hilo, kwani nani anataka kuumizwa bila kuambiwa?

Basi Likoke, mwalimu wa shule ya msingi, aliporudi saluni siku moja tu baada ya kusukwa, kitambaa kichwani, Béthanie alidhani amekuja kulalamika kwamba mistari imebana.

"Béthanie, uliniachia upande moja?"

"Hapana, mama. Nilimaliza yote."

Likoke akavua kitambaa. Upande wa kulia mistari ilikuwa imelala vizuri. Upande wa kushoto ilikuwa imefumuliwa yote, nywele zimechanwa na kupakwa mafuta, tayari kwa kusukwa.

"Minyi nalala peke yangu," Likoke akasema, sauti chini. "Nani alinifungua?"

Béthanie akachukua kichanuo. Alimkalisha, akamsuka upya, hakumdai kitu.

Alikuwa na sababu ya kuuogopa upande huo wa kushoto. Msimu wa mvua uliopita, binti yake Mira, mtoto wa miaka minane, alikaa kwenye kigoda cha saluni hiyohiyo ili asukwe kwa ajili ya shule. Upande wa kulia ulipomalizika, Mira akasema kichwa kinamuuma. Mama yake akamjibu kama alivyowajibu wateja wote: hapo karibu na sikio panauma kidogo, uvumilie, patatulia. Mtoto alikuwa mpole, akavumilia. Jioni, upande wa kushoto haujaanza, mwili ukawa moto. Wakampaka ile dawa ya baridi yenye harufu kali kwenye paji la uso, wakampandisha pikipiki kwenda hospitali, naye hakurudi.

Kwenye ukoo wao, maiti haizikwi na nywele zilizoachwa katikati. Ama mkono ulioanza unamaliza, ama bamama wanaoosha maiti wanafumua zote. Lakini bamama walipomfikia Mira, Béthanie alijilaza juu ya mtoto, akakataa asiguswe. Ile mistari ilikuwa kazi yake ya mwisho juu ya kichwa cha mwanawe, angeitoaje? Na kuimalizia mwenyewe hakuweza, vidole vilimgomea. Mira akazikwa hivyo, nusu. Mimi simlaumu. Na wewe usiharakishe kumlaumu.

Baada ya Likoke akaja mwingine, na mwingine tena, wote vitambaa kichwani, wote upande wa kushoto. Kisha ikaanza mchana kweupe, ndani ya saluni. Harufu ya dawa ya baridi ilipanda katikati ya harufu ya mafuta ya nywele. Kigoda, ambacho Béthanie alikuwa amekisukuma chini ya meza, kilikwaruza sakafu kikamsogelea mpaka magotini. Na alasiri moja, akiwa anamsuka muuza mbao, mama mwenye nywele ngumu kama waya, alipofika upande wa kushoto vidole vyake vikaingia kwenye nywele nyingine, laini, chache, za mtoto, na ngozi chini yake ilikuwa na joto, joto lile analolijua, na hakuthubutu kutazama chini wala kuondoa mikono, akaendelea kusuka huku machozi yakimdondokea mteja shingoni, mpaka yule mama akageuka, akanusa hewa, akachukua viatu vyake mkononi na kuondoka na kichwa ambacho hakijamalizika.

Habari ikazunguka sokoni. Saluni ikawa tupu.

Mbuyu, dada wa baba yake Mira, ndiye aliyekuja. Ndiye aliyeongoza bamama siku ile ya kuosha, na watu husema anasikiana na wafu. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mutoto iko humu," alisema.

"Najua, tantine," Béthanie akajibu, akimwita shangazi kama Mira alivyomwita.

"Hapana mubaya. Iko anangojea. Weye njo ulianza, weye njo utamaliza. Ile siku tulikuomba, ukakatala. Sasa kichwa iko inamuluma mupaka leo."

Béthanie akaziba mdomo kwa kitambaa. "Inamuluma? Maumivu ya siku ile?"

"Inamuluma. Umusuke, usimuite jina, usimulilie. Ukifunga fundo ya mwisho, ataenda, na hatarudia tena. Unasikia, mwanangu? Hatarudia."

Mbuyu akavuta mlango, akakaa nje juani, rozari mkononi.

Béthanie akakivuta kigoda, akaketi nyuma yake, akachukua kichanuo, na kwa sauti ileile ya kila siku akaieleza ile hewa iliyokuwa mbele yake kwamba kwanza atagawa nywele, kisha atapaka mafuta, kisha atasuka mistari midogo ya kulala, na alipoweka mikono, kichwa kilikuwepo, na sikio dogo, na ile shingo aliyokuwa akiibusu kila asubuhi, akasuka mstari baada ya mstari huku akimeza kilio, akisikia pumzi ya mtoto kwenye magoti yake, mpaka ukabaki mmoja tu, juu ya sikio, naye akaufuata polepole hadi kwenye ncha, akaishika ile ncha katikati ya vidole viwili, akajua kwamba akifunga hatamgusa tena mtoto huyu katika maisha haya. Akaufumua ule mstari.

"Iliisha?" Mbuyu aliuliza kutoka nje.

"Iliisha, tantine."

"Alienda?"

"Alienda."

Mbuyu akafanya ishara ya msalaba, akaenda zake nyumbani.

Wateja wamerudi. Hakuna anayefumuliwa nywele tena, na watu wanamsifu Mbuyu. Ila kila siku, mteja wa mwisho akishatoka, Béthanie anafunga mlango, anavuta kigoda, anaanza tena ule mstari mmoja.

"Mama, funga," sauti ndogo inamwambia. "Kichwa iko inaniluma. Nataka kwenda."

Béthanie anachovya kidole kwenye mafuta, anampaka taratibu nyuma ya sikio.

"Bado, mama," anasema. "Bado kidogo."