Profesa Alinishika Mkono Hadi kwa Mama Yangu

Niko na miaka thelathini na mbili, sina mume wala mtoto, na ninaishi Noonkopir, Kitengela, ambako napima malaria na taifodi katika maabara ndogo iliyo juu ya duka la simu. Hii si kazi niliyosomea. Nilisomea kinga ya mwili, hasa kwa nini kinga hiyo inayopigana na kila kijidudu huiona kansa ikikua na kuiacha tu. Ninaandika nikiwa na hasira, wasomaji wenzangu, na sitawadanganya kwamba imepoa.

Baba yangu alikufa kwa kansa ya koo nikiwa kidato cha tatu. Alianza kushindwa na nyama, kisha ugali, mwishowe hata chai ilikuwa inarudi. Mama aliyenizaa alikuwa ametangulia zamani. Aliyenilea ni mke wa pili wa baba, Noonkishu, ambaye nilimwita Yeyo, yaani mama. Ndiye aliyewaambia wajomba zangu kwamba nitasoma mpaka vitabu viishe.

Nilikutana na Profesa Lydia nilipomaliza shahada ya uzamili. Alikuwa na mpango wa kuwalea watafiti wachanga wa kansa, na kati yetu sote alinichagua mimi. Alikuwa akiniita kwake, upande wa pili wa Kitengela, ananipa chai, ananifundisha kuandika, kusimama mbele ya watu, hata viatu vya kuvaa siku ya mahojiano. Nani mwingine alikuwa amewahi kunifanyia hivyo? Nilimpenda kama mtu wa damu yangu.

Siku moja aliniambia, "Nasieku, vyeti kila mtu ako navyo. Wewe uko na kitu wenzako hawana. Uko na watu wako."

Alikuwa anatafuta watu wa Kajiado wenye shida ya kumeza, watoe damu na kipande kidogo cha nyama ya koo, tuone kinga ya mwili inafanya nini karibu na kansa. Wageni waliotumwa huko walikuwa wamekataliwa. Akasema hiyo ndiyo ngazi yangu. Nikiwaleta watu, jina langu litakuwa kwenye kazi hiyo, na nafasi ya uzamifu chini yake itakuwa yangu.

"Waambie tutarudi na majibu," akasema. "Na mgonjwa yeyote nitampeleka mimi mwenyewe kwa daktari mkubwa Nairobi."

Nikaenda. Nilizunguka boma kwa boma nikieleza kwa Kimaa, lugha ya kwetu. Kina mama walisita, mpaka Yeyo aliposimama. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kusukuma kila tonge kwa maji. Akawaambia, "Huyu ni mtoto wangu. Hawezi kutuletea mchezo." Akawa wa kwanza kulala kitandani atolewe damu na kipande cha koo. Profesa alipokuja, Yeyo alimchinjia mbuzi na kumvisha shanga, naye akasema mbele ya wote kwamba kuanzia leo hapa ni kwao pia.

Halafu kimya...

Miezi ikapita. Nilipouliza, aliniambia maabara imechelewa. Nikauliza tena, akasema washirika wa ng'ambo lazima wakubali kwanza. Mara ya tatu alikasirika. "Mtafiti mzuri halilii sampuli. Ukitaka kufika mbali, jifunze kukaa mbali na watu unaowachunguza."

Sampuli... Yeyo wangu alikuwa sampuli.

Wakati huo chuo kingine kilinipa nafasi ya kusoma. Profesa akanishauri niache kurukaruka, watu wataniona sina shukrani. Nikaikataa. Na kila nilipompigia Yeyo simu nilimwambia majibu yanakuja. Aliniamini sana, hata kaka yangu alipotaka kumpeleka hospitali alikataa. Akamwambia Nasieku anamtafutia daktari mkubwa.

Aliyenifungua macho ni Wanjiru, tuliyefanya kazi naye kwenye maabara ya Profesa. Alinivuta kando akaongea akiangalia chini. "Majibu ya mama yako yalitoka kitambo. Ni kansa. Ilikuwa bado ndogo." Walikuwa wameamrishwa wasiseme kitu mpaka makala ya Profesa yatoke, wengine wasije wakamtangulia.

Nilienda ofisini kwa Profesa kumuuliza. Hakukana. "Hayo ni majibu ya utafiti, si ya matibabu," akanijibu. "Tungeyatoa wakati wake."

Wakati wa nani?

Nilimpeleka Yeyo Nairobi. Daktari akasema wakati wa upasuaji umepita, akamwekea mrija kooni ili angalau uji upite. Tukiwa tunarudi nyumbani Yeyo aliniuliza, "Kwani huyo mama yako mwingine hajapiga simu?" Alimaanisha Profesa. Nilimwambia labda hakuna network. Ningemwambia nini? Alikufa mvua ikianza.

Baada ya mazishi nilialikwa kwenye ukumbi mmoja hapa Kitengela. Profesa alikuwa anakaribisha watafiti wapya, na mimi nilitakiwa kusimama nieleze jinsi alivyonilea. Nadhani aliona msiba umenimaliza nguvu. Nilishika maikrofoni nikaeleza yote, polepole, bila kupiga kelele.

Alinipokonya maikrofoni kwa upole. "Binti yangu amefiwa," akasema. "Tumwombee." Na wote wakainamisha vichwa, wakaniombea... mimi.

Nilipeleka malalamiko kwa kamati inayosimamia utafiti. Wagonjwa wengine walipewa majibu yao. Yeye alipewa onyo, na bado anafundisha. Mimi kila mahali ninapoomba kazi ya utafiti wanataka kwanza kuongea na Profesa Lydia.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Juzi nilisikia jirani wa Yeyo ameanza kupaliwa na chakula. Nilimwomba twende akapimwe. Akanitazama akasema, "Tulishawapa damu yetu. Mlituletea nini?" Akaniambia nisirudi kwake tena.

Wewe unayeanza utafiti wa kansa, tafuta wa kukushika mkono, kwa sababu peke yako hutafika. Lakini usiwe na mmoja tu, na angalau mmoja wao awe mtu asiyefaidika na jasho lako. Kabla mtu hajadungwa sindano, uliza majibu yatarudi lini na nani atayapeleka. Usikatae mlango uliofunguka ili kumfurahisha mtu. Akikwambia huruma inaharibu sayansi, ondoka siku hiyo hiyo. Na nakusihi, usimpe mtu ulimi wa kwenu awaahidi watu wako jambo ambalo wewe mwenyewe huna uwezo wa kulitimiza.

Kesho nitaenda tena kwa yule jirani. Anifukuze akitaka, nitakaa nje mpaka anisikilize.