Fundo la Kilindini

Haya yalimpata rafiki yangu Torvald hapa Oregon, majira ya baridi, samaki wakubwa aina ya trauti walipokuwa wakipanda mto kutoka baharini. Alivua kwenye kilindi cha mto kilichommeza kaka yake, akitumaini kunasa walau buti lake, mama yao apate cha kuzika.

“Boya lako limesinzia, bwana!” Wes, mvuvi mwenzake, alimtania kutoka ndani ya ukungu.

“Liache lipumzike.”

Likazama bila sauti. Torvald akavuta, mshipi ukaja mwepesi. Alikuwa ametupa ndoano ya manyoya meusi. Iliyorudi ilikuwa na manyoya mekundu, imefungwa kwa fundo jipya.

Wavuvi wetu hulilowesha fundo mdomoni kabla ya kulikaza. Torvald akaligusa kwa vidole vilivyokufa ganzi. Lilikuwa na mate, yangali vuguvugu.