Mdalasini wa Nyuma ya Jiko

"Hodi! Jamani, mna pampu ya baiskeli?"

Mama chai aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria. Mwanamke asiyemjua alisimama mlangoni, ameshika baiskeli iliyoishiwa upepo.

"Karibu. Pampu iko nyuma, kwa mama mkwe wangu."

Nyuma ya jiko, mama mkwe alikuwa akipaka majivu kwenye shina la mdalasini. Kisha akalifunga kitambaa, kama anayefunga kidonda cha mtoto. Mti ule ulipandwa na marehemu mumewe. Sasa majani ya juu yalikuwa ya njano.

Mgeni akaisahau pampu. "Shikamoo, mama. Nani kamvua nguo huyu?"

"Marahaba. Muulize mkwe wangu."

Mama chai akacheka kwa aibu. Wateja walikipenda kibanda chake kwa ajili ya mdalasini. Kila asubuhi alibandua ganda kidogo, mpaka akalizunguka shina lote.

"Si litarudi?" aliuliza. "Hata ngozi ya mtu hurudi."

"Hili halirudi, dada," alisema mgeni. Kumbe alikuwa bibi shamba, mtaalamu wa kilimo. "Majani ndiyo yanayopika chakula cha mti. Chakula hicho hushuka mizizini kupitia kwenye ganda. Ukilibandua kuzunguka shina, umefunga njia. Mizizi inalala njaa."

Mama mkwe akaketi taratibu. "Hakuna dawa?"

"Ipo, mama, ila ni chungu. Ukateni."

"Niukate? Wewe mtoto, umekuja kutafuta upepo au ugomvi?"

Bibi shamba akachuchumaa karibu naye. "Mizizi bado hai, mama. Mvua zikianza, kateni shina chini ya goti, kwa mshazari, ili maji yasituame juu. Wekeni samadi na majani makavu kuzunguka, yasiguse kisiki. Kitachipua. Acheni machipukizi manyoofu machache, mengine yaondoeni. Yakinenepa kama dole gumba na ganda likawa la kahawia, kateni hayo, ndipo mbandue. Kisiki kitachipua tena. Mdalasini hukatwa, haubanduliwi ukiwa umesimama."

"Tutangoja sana?" aliuliza mama chai.

"Kama miaka miwili."

"Miaka miwili! Wateja wangu watakunywa nini?"

"Chai," alijibu mama mkwe.

Mvua zilipoanza, mama mkwe alishika msumeno, akashindwa. Akampa mkwewe.

"Kata wewe. Lakini niahidi hutagusa chipukizi hata moja kabla ya wakati wake."

"Naahidi, mama."

Mama mkwe akageukia ukuta mpaka msumeno uliponyamaza.

Kwa muda kisiki kilikaa kimya. Mama mkwe alikisalimia kila alipopita. Asubuhi moja aliita nyumba nzima. Kisiki kilikuwa kimetoa majani mekundu, laini kama sikio la mtoto mchanga.

"Amerudi!" alisema. "Tena kaja na wenzake!"

Walifanya kama walivyofundishwa. Mwaka uliofuata, machipukizi yalimpita mama chai kwa urefu. Lakini yalikuwa bado membamba, na ganda lake la kijani.

Fundi viatu, mteja wake wa kila asubuhi, alivuta pumzi juu ya kikombe.

"Shemeji, hata kipande kidogo? Wenzako ng'ambo ya barabara wanatia viungo."

"Bado, fundi."

"Bado nini? Nyuma pale naona msitu mzima!"

"Msitu wa watoto. Waache wakue."

"Basi mimi navuka."

Akavuka kweli, na mafundi wenzake wakamfuata. Benchi likabaki tupu. Mama chai aliutazama mgongo wa fundi, kisha akakitazama kisu mezani. Akakichukua, akakatia mkate, akakirudisha.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote dirishani. Akatoka, akaketi pale alipozoea kuketi fundi viatu.

"Nimiminie."

"Haina kiungo, mama."

"Nimiminie hivyohivyo, mwanangu."