Wanne Walihisi Bandama

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Umeme alikuwa ameshauzunguka uwanja mara nne. Umeme halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake wa darasa la sita ndio waliombandika, siku alipowaacha wavulana wote nyuma kwenye mbio za mita mia mbili. Alikuwa akivua viatu na kuviweka pembeni, anakimbia pekupeku, kisha ananawa miguu bombani na kuingia darasani akihema kwa raha.

Muhula huu mambo yalimgeukia. Mzunguko mmoja tu, magoti yanalegea na masikio yanavuma. Wenzake wakapata cha kutania: "Jamani, leo umeme umekatika!" Naye alicheka nao, lakini moyoni aliumia. Kisha siku moja, akiwa anapanda ngazi za maktaba, dunia ilimzunguka, akaanguka puu, vitabu huku na yeye kule.

Basi Jumanne ile asubuhi ilimkuta wodini, amelala kitanda cha karibu na dirisha. Mama yake alikuwa ameketi kwenye stuli ya plastiki, anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Damu ya Umeme ilikuwa imepimwa jana na kuonekana kwamba imepungua sana, na hakuna aliyejua kwa nini. Muuguzi aliwaambia kwamba leo daktari ataamua. Huenda mtoto akahamishiwa hospitali kubwa, mwendo wa saa tano kwa gari, akatolewa uboho mfupani kwa sindano.

Sindano ya mfupani! Tangu alisikie neno hilo Umeme hakupata lepe la usingizi.

Saa tatu daktari aliingia, mama mmoja mwembamba, mwenye mvi, asiyejua kupaza sauti. Nyuma yake walifuatana wanafunzi watano wa udaktari, makoti meupe yamepigwa pasi hadi yanasimama yenyewe.

"Mwanangu, salamu baadaye, kwanza nakuomba ruhusa," daktari alisema. "Hawa ni wanafunzi wangu. Wanajifunza kutambua magonjwa ya ndani ya mwili. Ndani hatuoni, kwa hiyo tunauliza, tunatazama, tunapapasa, tunagonga, tunasikiliza. Unakubali wajifunzie kwako? Ukikataa, hakuna atakayekununia."

"Wakiwa na mikono ya baridi je?" Umeme aliuliza.

"Wataipasha moto kwanza. Asiyeipasha nitamfukuza mimi."

Hapo Umeme alicheka kidogo, akakubali. Kimoyomoyo akaanza kuwapa majina. Kijana mrefu aliyetangulia mbele alimwita Mlingoti. Dada mfupi aliyesimama nyuma ya wote, miwani ikimteremka puani, alimwita Miwani.

Mlingoti ndiye aliyepewa kazi ya kuuliza maswali. Alifungua daftari akauliza mbiombio, mithili ya mtu anayekimbizwa: homa? kikohozi? kuharisha? kutokwa damu puani? Kisha akauliza, "Kuna kitu kisicho chakula unachokula? Udongo, chaki, mkaa?"

Mama alitabasamu kwa aibu. "Udongo, muhula uliopita nilimkamata nao. Lakini aliacha. Aliniapia."

"Niliacha," Umeme alisema haraka, macho dirishani.

Mlingoti alikuwa ameshaandika "hapana" hata kabla neno halijamtoka lote.

Kuacha wapi! Nyuma ya madarasa kulikuwa na ukuta wa zamani unaobomoka. Mvua ikiunyeshea, harufu yake ilimvuta Umeme asiweze kujizuia. Alimega, akaficha kipande kwenye mkebe wa kalamu, akala kidogokidogo mchana kutwa. Mara tatu alijaribu kuacha, na mara tatu alishindwa. Angesemaje mbele ya watu sita wenye makoti meupe kwamba binti mzima wa darasa la sita anakula udongo kama mtoto anayetambaa? Tena mbele ya mama yake aliyemwamini!

"Sasa tumbo," daktari alisema. "Kila mmoja apapase kwa zamu, aseme alichokipata. Mimi sisemi kitu hadi wa mwisho amalize."

Mlingoti alibonyeza chini ya mbavu za kushoto. Uso ukamng'aa. "Bandama limevimba, Daktari! Nimelihisi, ni gumu kabisa."

"Mwingine," daktari alisema.

Wa pili alibonyeza. "Ndiyo, nimelihisi."

Wa tatu naye akasema amelihisi. Wa nne, ambaye hakuacha mkono pale hata kwa muda wa kupiga chafya, akasema, "Kubwa kweli."

Mama aliinuka kwenye stuli. "Bandama kuvimba maana yake nini?"

"Inawezekana ni ugonjwa mbaya wa da..." wa pili alianza.

Daktari alimtazama tu, naye akaishia hapo. Kisha akamshika mama bega. "Mama, bado hatujamaliza. Keti kwanza, tafadhali." Mama alikaa akiushika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

Ikabaki zamu ya Miwani. Huyu alisugua viganja hadi vikapata moto. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Umeme akunje miguu kidogo na kuvuta pumzi ndefu. Akapapasa. Akaomba pumzi nyingine. Wenzake walianza kutazama saa.

"Sijalihisi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Liko hapo hapo," Mlingoti alimnong'oneza. "Rudia."

Alirudia, tena taratibu zaidi. Miwani ilimteremka hadi ncha ya pua, hakuipandisha. "Nimerudia," alisema. "Ninachogusa ni ncha ya ubavu. Labda kosa ni langu, Daktari. Lakini siwezi kusema nimehisi kitu ambacho sijakihisi."

Wenzake wanne walimkodolea macho. Umeme, kwa kuwa alikuwa amelala chini yake, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: kidevu cha Miwani kilikuwa kinatetemeka. Kumbe huyu dada mkubwa naye anaona haya! Anaona haya vilevile kama yeye, na bado amesema.

Umeme akalitazama daftari la Mlingoti. Mle ndani mlikuwa na ile "hapana" yake. Kwa "hapana" hiyo watampakia garini wakamchome mfupa kutafuta ugonjwa ambao pengine hana, na ule alionao ubaki tumboni umejikalia.

"Nakula udongo," alisema.

Mama aligeuka. "Unasemaje?"

"Sikuacha, mama. Nilikudanganya. Nakula kila siku, hata juzi nilikula." Machozi yalimtiririka hadi masikioni, maana alikuwa amelala chali. "Nimejaribu kuacha nimeshindwa."

"Uliniapia wewe mtoto! Uliniangalia usoni ukaniapia!" Mama alijishika kichwa. "Ningekuchapa leo, ila sasa huna hata damu ya kuchapwa nayo!"

Mwanafunzi mmoja aliguna kwa kicheko, akajifanya anakohoa. Daktari hakucheka. Aliketi kitandani, akamfuta Umeme machozi kwa ncha ya shuka, akaanza kuuliza upya, swali mojamoja bila haraka. Tangu lini? Udongo wa wapi? Unakula kiasi gani? Unavaa viatu? Alipofika kwenye viatu na kusikia habari za kukimbia pekupeku, aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Ndipo naye akalipapasa tumbo.

"Bandama halijavimba," alisema. "Huu ni ubavu, kama alivyosema mwenzenu. Hebu wewe wa pili, ulihisi nini hasa?"

"Sikuhisi kitu, Daktari," wa pili alijibu, macho chini. "Nilidhani mikono yangu ndiyo mibovu."

Wa tatu na wa nne walitamani sakafu iwameze. Mlingoti alipiga magoti mwenyewe, akapapasa polepole, akainuka. "Ni ubavu," alikiri. "Nilifurahi mapema."

Asubuhi hiyohiyo choo cha Umeme kilipelekwa maabara, na mchana majibu yakarudi. Mayai ya minyoo ya safura yalijaa tele! Daktari aliwaeleza vizuri. Minyoo ile hupenya kwenye ngozi ya miguu inayokanyaga udongo mchafu, ikafika tumboni na kufyonza damu. Damu ikipungua, mwili hupungukiwa madini ya chuma, na mara nyingi mtu hushikwa na hamu ya kula udongo. Udongo nao humzidishia taabu, kwa kuwa unauzuia mwili kupata madini yaliyomo kwenye chakula. Dawa ilikuwa vidonge vya minyoo, vidonge vya madini ya chuma kwa miezi mitatu, na viatu.

"Na ile sindano?" Umeme aliuliza, pumzi ameibana.

"Hakuna sindano ya mfupani. Keshokutwa ukiendelea vizuri unakwenda zako nyumbani."

Loo! Umeme alishusha pumzi ndefu hadi shuka likapepea. Mama alilia, akacheka, akalia tena, akamshika daktari mikono yote miwili.

Daktari aliwageukia wanafunzi wake. "Leo tulikuwa karibu kupotea mara mbili. Huyu mtoto alisema hapana kwa sababu ya haya. Watu wazima watatu wakamfuata mwenzao kusema ndiyo kwa sababu ya haya hiyohiyo. Mwili wake haukumdanganya mtu yeyote. Msingi wa kazi yetu ni kuuliza hadi mgonjwa aone kwamba ni salama kusema, kisha kutaja tulichokipata, hata kama ni kwamba hatukupata kitu. Mwenzenu mmoja amefanya hivyo, na aliyemsikia zaidi ni mgonjwa." Akamwinamia Umeme. "Nawe mwanangu, kula udongo hakukuwa uovu, kulikuwa dalili. Kosa lilikuwa kutuficha. Daktari aliyefichwa jambo anatibu ugonjwa wa mtu mwingine."

Walipoondoka, Umeme alibaki na mama yake. Mama alianza tena kukunja shuka, na Umeme alijua ni zamu yake kusema.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sitarudia. Naapa..."

"Usiape," mama alimkatiza, akamvuta kifuani. "Siku nyingine ukishindwa kuacha jambo, njoo uniambie umeshindwa. Nitakasirika, tena sana. Nikimaliza kukasirika, tutakwenda wote hospitali."