Namba Moja ya Njano

Lifti ikifunguka ghorofa ya tisa, kitu cha kwanza ninachokisikia ni cherehani ya mama. Mama hupunguza suruali, hubadilisha zipu na hupanua sare za shule za watoto walionenepa wakati wa likizo. Wateja wake wengi hutundika mfuko kwenye kitasa cha mlango wetu na kuacha kikaratasi: "Sentimita tatu, tafadhali." Kisha huenda zao. Mama huwapenda wateja hao kuliko ndugu zake.

Tulihamia mji wa Jeonju, hapa Korea Kusini, mwezi wa tatu, shule zilipofunguliwa. Baba huendesha lori la mizigo kwenda mji wa Busan na hurudi Jumapili, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tulikuwa mimi, mama na cherehani. Ilipofika mwezi wa kumi na moja, nilikuwa na rafiki mmoja tu. Anaitwa Eunsol. Tunakaa dawati moja, na akicheka hucheka kama mtu mwenye kwikwi.

Jumatatu, mama yake Eunsol alimtumia mama ujumbe. Niliuona ukitokea juu ya kioo cha simu iliyokuwa mezani: "Mama Narae, watoto wanataka kucheza pamoja Jumamosi. Kwenu au kwetu?"

Mama aliusoma hapo hapo juu ya kioo, bila kuufungua. Ukifungua ujumbe, ile namba moja ndogo ya njano iliyo pembeni yake hutoweka, na aliyeutuma hujua kwamba umesoma. Ukishajulikana umesoma, lazima ujibu. Mama akaigeuza simu kifudifudi, kama mtu anayefunika sufuria.

"Hujibu?" nikamwuliza.

"Nitajibu. Ngoja kwanza nifikirie."

Alifikiria Jumatatu, akafikiria Jumanne. Akachukua karatasi anayochorea vipimo vya suruali, akaanza kuandika majibu kwa penseli. Aliandika moja, akalikata. Lilikuwa fupi mno, likaonekana la maringo. Akaandika jingine refu, akalikata pia kwa sababu lilikuwa kama la mtu anayeomba kazi. Halafu yakaja maswali.

"Akija hapa, ale nini? Nyumba yenyewe imejaa suruali za watu. Na mama yake je? Atamwacha mtoto mlangoni aondoke, au ataingia? Akiingia, nitamwambia nini muda wote huo?"

"Mwambie lolote, Mama. Mwambie kuna baridi."

"Nikishamwambia kuna baridi?"



Jumatano, wakati wa chakula cha mchana shuleni, Eunsol aliweka kijiko chini akaniangalia.

"Narae, mama yako ana nini na mama yangu?"

"Hana kitu. Kwa nini?"

"Namba haijaondoka. Leo siku ya tatu. Mama anasema mtu hakai siku tatu bila kushika simu. Anasema mama yako anaringa."

"Mama haringi. Ana kazi nyingi."

"Haya, lakini mama amesema mpaka kesho. Asipojibu, Jumamosi nitaenda kwa Mirim. Na hatawaalika tena." Akachukua kijiko chake. "Mama yangu akisema 'sitauliza tena', ujue haulizi tena. Hajaongea na shangazi miaka minne."

Sikuimaliza supu yangu.

Jioni ile, mama alipoingia kuoga, niliishika simu yake. Neno lake la siri nalijua, ni tarehe yangu ya kuzaliwa. Nikaufungua ujumbe. Namba ya njano ikatoweka palepale. Nikaandika: "Samahani kwa kuchelewa. Karibuni sana kwetu Jumamosi saa nane mchana. Mama Narae." Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini: "Asante! Nami nitakuja, tufahamiane." Nikayafuta mazungumzo yote, nikairudisha simu mahali pake.

Nilipanga kumwambia mama kesho yake. Kesho yake asubuhi alikuwa anautafuta ujumbe kwenye simu. Akatafuta juu, akatafuta chini, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Ameufuta mwenyewe," akasema. "Afadhali."

Wiki nzima sikuwa nimeuona uso wake ukiwa umetulia namna ile. Nikanyamaza. Ijumaa nikanyamaza tena.

Jumamosi saa nane kamili, kengele ikalia. Mama alikuwa na pini mdomoni, na suruali kumi na nne za sare zilikuwa zimetandazwa kila mahali, hata juu ya kochi. Tukatazama skrini ya kengele ukutani. Mama Eunsol alikuwa amesimama hapo nje na koti jekundu, katoni ya mapeasi mikononi, na Eunsol pembeni yake akirukaruka kwa baridi.

Mama akatoa pini mdomoni moja moja.

"Si yule mama wa Eunsol?" akanong'ona. "Amekuja kufanya nini? Usisogee. Watadhani hatupo, wataondoka."

Kengele ikalia mara ya pili. Sauti ya Mama Eunsol ikatufikia kupitia spika.

"Eunsol, una hakika ni mia tisa na nne?"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo namba aliyoniambia Narae."

"Basi wametuita ili watucheke. Twende."

Nikamwona Eunsol kwenye skrini akiinamisha kichwa. Hakuwa anarukaruka tena.

"Mama," nikasema, "ni mimi niliyewaita. Niliandika kwa simu yako Jumatano ulipokuwa unaoga. Niliweka jina lako, kisha nikafuta. Wao wanajua ni wewe."

Mama aliniangalia. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisimama akiwa ameshika kitambaa cha mtu, na nilijua anachokifikiria: sekunde chache tu, lifti itafika, nao wataondoka, na hatalazimika kusema neno lolote. Kisha akajipangusa nyuzi kifuani, akaenda, akafungua mlango.

"Mama Eunsol," akaita. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini ilitoka. "Msiondoke, tafadhali. Tupo."

Mama Eunsol akageuka. Hakutabasamu.

"Mlikuwepo tangu kengele ya kwanza?"

"Ndiyo. Nilijificha." Masikio ya mama yalikuwa mekundu kabisa. "Sikujua mnakuja. Jibu mlilolipata aliliandika Narae. Ujumbe wako niliuona Jumatatu, sikuufungua. Nilishindwa kujibu."

"Ulishindwa nini? Kidole kinauma?"

"Niliogopa."

Mama Eunsol akaishusha katoni chini. "Sikiliza, Mama Narae. Mimi nauza keki za samaki sokoni tangu Eunsol hajazaliwa. Wapo akina mama kwenye jengo ninalokaa wanaoziba pua tukiwa pamoja ndani ya lifti. Namba ile ilipokaa siku tatu, nikasema, huyu naye ni walewale."

"Hapana," mama akasema. "Hapana, hata kidogo. Ngoja."

Akakimbilia ndani, akarudi na ile karatasi ya vipimo. Akampa kwa mikono miwili. Mama Eunsol akaanza kusoma kwa sauti, hapo mlangoni.

"'Tungefurahi mno kuwapokea, ikiwa kupokewa kwenu hakutakuwa usumbufu kwenu kuliko usumbufu ambao...'" Akanyanyua macho. "Mama Narae, hii ni barua ya kwenda kwa waziri?"

"Hiyo niliikata."

"Naona. Umekata zote." Akahesabu kwa kidole. "Majibu kumi na moja. Kwa ajili yangu?"

Mama akatikisa kichwa kukubali, akainama. "Nisamehe. Ningekujibu hata kwa neno moja."

 Mama Eunsol akaanza kuvua viatu.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na saba."

"Mimi arobaini na moja. Basi mimi ni dada yako, na dada akisema unasikia. Kuanzia leo sitaki barua. Ukikubali, nitumie duara. Ukikataa, nitumie msalaba. Hata ukituma msalaba sitanuna. Kinachoninunisha ni kimya."

"Duara peke yake? Si itakuwa utovu wa adabu?"

"Watoto wetu wanaandikiana hivyo kutwa. Wamekufa?" Akatazama sebule yetu. "Eh, suruali hizi. Nipe upande mmoja nifumue pindo. Mikono yangu haiwezi kukaa bure, na wewe hutahitaji kutafuta cha kuniambia."

Kabla sijapata nafasi ya kukimbilia chumbani na Eunsol, mama alinishika bega. Sikusubiri aniambie. Nikainama mbele ya Mama Eunsol, nikamwomba radhi kwa kumwandikia uongo. Akanipiga kidogo kwenye utosi, akasema, "Unaandika vizuri kuliko mama yako, lakini usirudie."

Walikaa hadi saa kumi na moja. Wakati mwingine mama wale wawili walinyamaza dakika kumi nzima, wakifumua tu. Hakuna aliyekufa.

Walipoondoka, mama akaanza kumenya peasi. Akaniambia sitaigusa simu yake mwezi mzima, na kwamba neno la siri litabadilishwa. Nilikubali, ila kuna kitu kilinikaa moyoni, nikakisema.

"Ungekuwa kama akina mama wengine, nisingedanganya."

Akaweka kisu chini.

"Uliandika 'karibuni sana' kwa jina langu, Narae. Maneno mazuri, lakini si mimi niliyeyasema. Watu wakaja hadi mlangoni wakiamini wanangojewa, na hawakuwa wanangojewa. Ndivyo uongo unavyofanya, hata ule wa nia njema. Ukitaka kitu kwangu, niambie mimi. Nikiogopa, niambie tena. Usiniazime mdomo."

"Na wewe je?"

"Mimi nilimwacha mtu siku tatu bila jibu, akajiona anadharauliwa. Nilifikiri kimya changu hakimgusi yeyote. Kilimgusa. Nimeomba radhi, umesikia, na safari nyingine nitajibu hata mkono ukitetemeka."

"Lakini yote yalitokana na haya yako ya kuogopa watu, Mama. Hiyo nayo si uiombee radhi?"

Mama akachukua kisu, akaendelea kumenya.

"Hapana. Kuwa na haya si kosa, na mimi ndivyo nilivyo. Kwa hilo siombi radhi kwa mtu yeyote, hata kwako."